Dokta na Miti Yenye Mkanda Mwekundu

Mtaani kwetu Boko ukiulizia kwa Dokta utapelekwa mpaka kwenye geti la kijani, na anayekupeleka atakuonya njiani: "Ila huyu hatibu watu." Onyo hilo lilichelewa kuanza. Alipohamia, watu walisikia neno Dokta wakafurahi, wakaanza kumletea watoto wenye homa, wazee wenye miguu iliyovimba, na mara moja mbuzi. Mama mmoja alimfunulia mgongo wenye vipele palepale getini. Dokta akavaa miwani, akautazama ule mgongo taratibu kama anasoma gazeti, kisha akasema, "Ungekuwa mti ningesema ni kuvu. Sasa wewe si mti. Nenda zahanati."

Udaktari wake ulikuwa wa miti, wa kusomea mpaka mwisho, na hakuwahi kuona kwa nini jambo hilo lichekeshe. Sie tulicheka kwa niaba yake.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, kwa sababu sijui. Mara ya pekee nilipomwuliza alinijibu, "Kwani unataka kuniposa?" Ninayoyajua ni yale niliyoyaona kutoka juu ya ukuta. Mie nimelelewa na Mama Mdogo na mumewe, Baba Mdogo, na ukuta wetu na wa Dokta ulikuwa mmoja. Nimekaa juu ya ukuta ule zaidi ya nilivyokaa darasani, na walimu wangu watathibitisha.

Alikuwa na swali moja la kumjibu kila mtu. Ukimwambia leo joto limezidi: "Umepima, au umesikia?" Ukimwambia mtaa wa pili wameibiwa: "Umepima, au umesikia?" Ukimwambia binti wa fulani ana mimba: "Umepima, au umesikia?" Hilo la mwisho alilisema mbele ya mama yake binti, nusura apigwe na ndala.

Uongo alikuwa hauwezi, na hapa simsifii. Ulikuwa ni ulemavu. Bi harusi mmoja alisimama getini na gauni lake la kukodi, akauliza kama limempendeza. Dokta akamzunguka mara moja. "Limekubana kiunoni. Ukiinama litachanika." Likachanika wakati wa kukata keki, na watu wakasema Dokta ana kijicho. Mama Mdogo akamtetea: "Hana kijicho yule. Hana breki."

Ila kuna msiba mmoja siusahau. Mfiwa alimwuliza, mbele ya watu, kama mkewe angepona lau wangemuwahisha hospitali. Watu wote wakaangalia mkeka. Dokta akasema, "Ndiyo. Nadhani angepona." Halafu akajisogeza, akakaa karibu na yule mfiwa, na hakuondoka pale. Wale waliosema "kazi ya Mungu haina makosa" walikuwa wameshamaliza pilau na kwenda zao.

Majina ya watu yalikuwa hayamkai. Mie aliniita Kasuku, kwa sababu ya mdomo. Baba Mdogo alikuwa "Mrefu". Hamisi, mtoto wao wa darasa la kwanza, alikuwa "Mfupi". Mama Mdogo peke yake aliitwa kwa heshima, "mama mkaa", kwa kuwa aliuza mkaa na Dokta alikuwa mteja. Lakini miti yake! Miti aliijua mmojammoja, kwa namba na kwa tabia. Anamenya vitunguu barazani kwake, mara anaanza: "Mia nne kumi na saba mwaka huu kachelewa kutoa majani. Kuna kitu kinamsumbua." Asiyejua atadhani anamsema shemeji yake.

Na mwoga wa kuku. Mwanamke aliyekuwa akikutana na chatu msituni akampisha kama anavyompisha mzee kwenye kochi, jogoo wa Mama Mdogo akivuka geti yeye anapanda juu ya kiti na kuniita, "Kasuku! Njoo umtoe mnyama wako!" Nilikuwa namtoa polepole ili nifaidi.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la maharage. Dokta, mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ni msitu, alipikia mkaa. Gesi alikuwa nayo, mtungi umekaa jikoni umevishwa kitambaa kama bibi harusi, lakini maharage hakukubali yapikwe juu yake. "Maharage ya gesi yanaiva bila kutaka," alisema. Nilimrukia palepale: "Dokta, wewe si unalinda miti?" Akaweka mwiko chini. "Ndiyo. Na ninakula maharage. Ukipata njia ya kuviweka pamoja viwili hivyo niambie, mimi nimeshindwa." Ila hakununua mkaa hivihivi. Alikuja kwa Mama Mdogo, akachagua kipande, akakivunja, akaangalia ndani. "Huu mwembe. Nipe." Au: "Huu mkorosho, umezeeka mwenyewe. Nipe." Kikiwa cha mti wa msituni alikirudisha kwenye gunia, akajipangusa mikono, siku hiyo akala ugali na samaki. Mama Mdogo akawa anamwekea pembeni gunia lake la mwembe. "Kwa mteja mkorofi," alisema, "lazima uwe na stoo yake."

Sasa huo msitu. Uko upande wa nyuma wa Wazo, ni wa hifadhi, umezungukwa na mawe ya mpaka, na kila mwaka nyumba zinausogelea kama watu wanaosukumana kwenye foleni. Ndani yake Dokta alikuwa na eneo lake la utafiti, yeye aliliita ploti. Si mali yake, ni kibali tu. Kila mti wa mle ndani ulikuwa na kibati kidogo cha namba kilichopigwa msumari, na kiunoni mwa mti, usawa wa kifua cha mtu mzima, kulikuwa na mkanda wa rangi nyekundu. Aliupaka kwa brashi mwenyewe. Mkanda huo ulikuwa unaonyesha pa kupitishia tepu, ili mwaka huu na mwaka ujao upime palepale, si juu kidogo wala chini kidogo.

Alitupeleka mara moja, darasa letu zima. Alipoeleza kwamba mti unapimwa kifuani, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe Dokta anaipimia miti sidiria." Darasa likalala chini kwa kicheko. Dokta akanitazama juu ya miwani. "Sawa, Kasuku. Na sidiria ya huyu imeongezeka upana wa ukucha tangu nilipoanza kumpima, na nilipoanza kumpima, mama yako mdogo alikuwa hajaolewa. Njoo ushike tepu." Nikashika.

Ndipo akatuambia kitu ambacho wakati ule niliona ni cha kawaida. Kazi yake yote ilikuwa ni kurudi. Kila mwaka, kiangazi kinapokwisha na vuli haijaanza, lazima apime miti yote. Mti hukua polepole kiasi kwamba mwaka mmoja haukwambii chochote. Miaka mingi iliyofuatana ndiyo inayosema. Mwaka ukikatika katikati, unabaki na vipande viwili visivyoungana. "Ni kama mtu anakusimulia habari," alisema, "halafu anazimia katikati, na akiamka amesahau alifika wapi." Alikuwa na umri wa kustaafu. Habari nyingine ya kuanza upya asingeweza kuimaliza, na alikuwa anajua.

Halafu zikaja siku zile mji ulipofungwa.

Namna zilivyoanza sitaeleza. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo amwulize mtu mzima mwenye mlango wa kufunga. Nitasema tu tuliyoyaona Boko: simu zikawa vioo vya kujitazamia, mtandao hakuna. Shule zikafungwa. Jua likizama kila mtu ndani. Barabara ya Bagamoyo, ambayo toka nizaliwe sijawahi kuisikia kimya, ikanyamaza, na ukimya ule ulikuwa unatisha kuliko milio. Mtu mmoja wa mtaa wetu alitoka kutafuta dawa ya mama yake. Mama yake bado anauliza.

Maduka ya gesi yalifungwa siku ya kwanza. Siku ya pili watu wote wa Boko waligundua upya kwamba wana majiko ya mkaa uvunguni. Siku ya tatu Mama Mdogo hakuwa na hata unga wa mkaa wa kufagia.

Na zilikuwa ni siku za kupima.

Dokta alivumilia kidogo, akashindwa. Asubuhi moja nikamwona kutoka ukutani amevaa viatu vyake vya msituni, anafunga begi.

"Dokta, unaenda wapi? Kuna wanajeshi pale njia panda."

"Naenda kupima."

"Mji umefungwa!"

"Miti haijaambiwa."

Alirudi jioni kabla jua halijazama, anatembea kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Alinisimulia mwenyewe baadaye, na kwa vile ni yeye, naamini kila neno. Walimsimamisha kwenye kizuizi, wakafungua begi. Ndani kulikuwa na darubini, panga la kufyekea njia, na kopo la rangi nyekundu lenye brashi. Hebu fikiria. Siku zile. Kijana mwenye bunduki akainua lile kopo.

"Bibi, unaenda kuandika nini, na ukuta gani?"

"Siandiki. Napaka miti."

"Miti gani?"

"Yote."

Hapo mtu mwingine yeyote angelia, angesema ana mgonjwa, angesema anampelekea rangi fundi. Dokta akaanza kuwaeleza habari za unene wa shina. Wawili walicheka. Wa tatu hakucheka. Wakamkalisha juani, chini, kando ya tairi, mchana kutwa, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Walipomwachia walibaki na darubini na rangi. Yule ambaye hakucheka alimwambia, "Ukionekana tena barabarani, hatutauliza."

Alikaa barazani akinisimulia hayo, ngozi ya uso imebabuka, na mie nilikuwa nimeshaandaa utani kuhusu wanajeshi na sidiria. Haukutoka.

"Bado kuna muda," akasema. "Mvua bado. Wakifungua hata wiki ijayo, nitawahi."

Baba Mdogo hakupita barabarani. Wenye mashoka walipita nyuma, kwa njia za mbuzi, kuanzia machimbo ya kokoto. Sie nyumbani tulijua anakwenda kutafuta mkaa. Wapi hasa hakuna aliyeuliza, maana gunia likifika mtaani watu walilipokea kama mgeni kutoka Makka. Bibi kizee wa nyumba ya kona alimbusu Baba Mdogo mkono. Walinzi wa msitu, tulivyosikia, walikuwa wamechukuliwa kwenda kulinda barabara. Tuliona moshi upande wa Wazo. Dokta naye aliuona, alitoka getini akasimama kuutazama. Mama Mdogo akamwambia ni kiwanda cha saruji. Kiwanda kilikuwa kimezimwa.

Alikuja kujua mchana mmoja, zile siku zilipoanza kulegea na watoto wameruhusiwa kucheza nje. Hamisi na wenzake walikuwa wanakimbiza magari yao ya chupa za maji, magurudumu ya vifuniko vya soda. Dokta alikuwa anatoka dukani na mkate. Gari la Hamisi likamgonga kiatuni.

"Samahani bibi."

Dokta akainama kumrudishia, akabaki ameinama. Nyuma ya gari, imefungwa kwa waya, kulikuwa na namba. Kibati kidogo.

"Mfupi, namba ya gari umeipata wapi?"

"Kwa baba. Anazo nyingi."

Akageuka akatazama magari mengine. Yote yalikuwa na namba. Watoto wakampangia foleni, wakidhani bibi kaamua kucheza. Nami kutoka juu ya ukuta nikapiga kelele, "Trafiki huyo! Toeni leseni!" Wakacheka sana. Dokta akawa anashika gari mojamoja na kusoma. "Mia tatu na nane. Mkongo." Akaweka chini. "Mia tatu sitini. Msandarusi." Sauti ilikuwa inashuka kila gari. Alipofika gari la mwisho hakusoma kwa sauti. Mkate ulikuwa umeanguka na yule jogoo wa Mama Mdogo anaudonoa, hatua moja kutoka mguuni pake, na Dokta hakumwona. Ndipo nikashuka ukutani.

Alikuja moja kwa moja uani kwetu. Baba Mdogo alikuwa anashona gunia.

"Shikamoo Dokta! Karibu. Na mkaa wako wa mwembe nitautafuta, hali ndo hii tu."

"Marahaba. Mrefu, miti yenye vibati hivi iko wapi?"

Baba Mdogo hakushtuka wala kuficha chochote. Alifurahi, kama fundi aliyeulizwa kazi yake. "Aa, ile! Ile tumeifanyia kazi, Dokta. Imebaki michache ya bondeni, hatukuwahi."

"Nani alikuruhusu?"

"Si ilikuwa na alama? Kwetu Liwale bwana misitu akishautia mti alama, huo umeshatolewa, unangoja shoka tu. Usiokuwa na alama ndo ukiugusa unafungwa." Akaweka sindano chini ili aeleze vizuri. "Mie niliwaambia vijana tangu siku ya kwanza: mti usio na mkanda mwekundu, hata tawi msivunje. Kuna mjinga mmoja alitaka kukata mti safi, nikamfukuza. Mie mtu wa sheria, Dokta, unanijua."

Dokta akatafuta pa kukaa, akakalia debe.

"Usiokuwa na mkanda haukuguswa."

"Hata mmoja! Nenda kapime."

Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza, niliona sufuria inashuka.

"Ule mkanda niliupaka mimi," Dokta akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Wa kupitishia tepu. Ile ndiyo miti ambayo haikutakiwa kuguswa na mtu yeyote."

Baba Mdogo akatutazama wote, mmoja baada ya mwingine, kama tunamtania na anatafuta atakayecheka kwanza. Hata mie sikucheka. "Sasa Dokta," akasema polepole, "si ungeandika? Ungeandika, usikate."

"Kwenye hifadhi? Niandike usikate, ndani ya hifadhi?"

"Ungeandika tu, Dokta. Ungeandika tu."

Dokta akainuka, akaenda kwake. Alipofika getini akarudi, akamwuliza Baba Mdogo ile michache iliyobaki bondeni ni ipi. Baba Mdogo hakujua namba. Akasema ipo ipo tu, ya upande wa maji.

Mvua za vuli zilianza wiki ile ile.

Mtandao uliporudi, walinzi nao walirudi msituni, wakakuta uwazi. Ukaitishwa mkutano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Bwana misitu aliyetumwa alikuwa kijana, mpole, viatu vyake vina tope la kweli. Kabla ya mkutano Mama Mdogo alikwenda kwa Dokta na sahani ya wali imefunikwa, nikiwa nyuma yake.

"Dokta, wakikuuliza nani, sema hujui. Wala si uongo. Hukuwepo."

"Sikuwepo. Lakini aliniambia."

"Ana watoto, Dokta."

"Najua. Mmoja mfupi."

"Sasa?"

Dokta aliishika ile sahani kwa mikono miwili muda mrefu. "Mama mkaa, mimi sijui namna ya kulisema hilo neno. Si kwamba sitaki."

Akasimama mkutanoni bila kuitwa. Akasema mkanda ni wake, rangi ni yake, na yeyote mwenye akili angefikiri alivyofikiri huyo aliyekata, kwa hiyo kosa la kwanza liandikwe kwake. Bwana misitu akamshukuru. Kisha akauliza, kwa upole uleule, "Na aliyekata, mama, unamfahamu?"

Nilimwomba Mungu ampige hata kikohozi.

"Namfahamu. Ni jirani yangu. Aliniambia mwenyewe, kwa sababu hakujua kama amekosea. Mkimchukua, mnichukue na mimi."

Walimchukua. Dokta akapanda nyuma ya gari akakaa pembeni yake. Wakamshusha. Akapanda tena. Bwana misitu akamshika kiwiko, "Mama, tafadhali, shuka," na watu wa mtaa wetu, waliopikia mkaa ule wote, walikuwa wamesimama wanarekodi na simu zilizopata uhai juzi tu.

Baba Mdogo alikaa rumande mpaka kesi, akapewa kifungo cha nje, kufagia zahanati. Alirudi na kikohozi ambacho hakijaondoka. Dokta kibali chake kilisimamishwa. Haruhusiwi kuvuka jiwe la mpaka hadi atakapoambiwa, na hakuna aliyemwambia. Mama Mdogo alileta fundi akaongeza tofali juu ya ukuta na kupachika chupa zilizovunjika. Akatukataza tusimsalimie Dokta. Nilikuwa nasikia mwiko wake ukigonga sufuria upande wa pili. Alikuwa anapikia gesi, nilijua kwa harufu.

Mkaa nyumbani uliisha pamoja na hayo. Mama Mdogo akahamia kwenye maandazi, na wateja wake ni mafundi wanaojenga kule kule nyuma ya Wazo, kandokando ya msitu. Jumamosi kazi ya kuwapelekea ni yangu. Ndivyo nilivyomkuta, juzijuzi, kiangazi kingine kinakwisha.

Alikuwa amesimama kwenye jiwe la mpaka. Kwenye jiwe hasa, vidole vya viatu vimeligusa, havijalivuka. Amekonda. Nikaweka ndoo ya maandazi chini. Nilikuwa nimekatazwa kumsalimia, ila kule Boko, na pale haikuwa Boko.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, Kasuku. Macho yako bado mazima? Angalia kule. Walichukua darubini yangu. Bondeni kuna iliyosimama?"

Nikaangalia. Mbele yetu palikuwa na visiki, vichipukizi vingine vimeliwa na mbuzi. Katikati ya visiki palikuwa na vigingi vya mbao vimepigwa chini kwa mistari iliyonyooka, na kamba za plastiki zimevutwa kutoka kigingi kimoja hadi kingine. Viwanja. Nilitaka kumwambia sioni vizuri. Nikakumbuka ninaongea na nani.

"Nyuma ya zile kamba, bondeni, naona vichwa vya miti. Ipo. Mingapi sijui."

"Kamba gani?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja alitokea kwenye kibanda cha mabati, shati safi, viatu vyeupe ambavyo sijui aliviwekaje vyeupe mahali pale.

"Shikamoo mama. Karibu, karibu sana. Unatafuta kiwanja?"

Nilifungua mdomo kumjibu anavyostahili. Dokta akaniwekea mkono begani, mwepesi kama jani.

"Kuna vilivyobaki?" akauliza.

"Vya hapa mbele vimeshachukuliwa vyote. Vimebaki vya kule ndani, upande wa maji. Vizuri zaidi, vina ubaridi. Nikuonyeshe?"

Dokta akatazama lile jiwe. Miezi yote ile hakulivuka, na kibali hakikuwa kimerudi. Kijana yule alikuwa ameshatangulia, anatuondolea miiba njiani.

"Nionyeshe," Dokta akasema, akavuka.

Tulimfuata mpaka bondeni. Miti ya huko ilikuwa imesimama kweli, mikanda imepauka lakini ipo, vibati vipo. Dokta akafika kwenye mti wa kwanza, akauzungushia mikono pale kwenye mkanda, kidole kikatafuta kidole upande wa pili, akaganda hivyo, midomo inacheza. Hakuwa na tepu. Alikuwa anapima kwa mikono.

Kijana akacheka vizuri, kwa heshima, kama anavyocheka mtu kwa mteja mzee. "Miti isikupe wasiwasi, mama. Ukishachagua tu, kukata ni juu yetu. Tunakukabidhi kweupe."

Dokta akauachia ule mti. "Mia tano na mbili," akaniambia kwa sauti ya chini, "mikono imepungukiwa vidole vinne kukutana. Shika hiyo, Kasuku, usisahau." Kisha akamgeukia yule kijana.

"Nionyeshe na kinachofuata."